Tuhesabu nafasi, si miche pekee

Juma lililopita nilisimama katika uwanja mmoja wa kuuzia mbao mjini Karatina, nikimsubiri fundi aliyekuwa akichagua mbao za kuezekea nyumba ya jirani yangu. Mzee huyo hakuuliza bei kwanza. Aliinua kila mbao ya mbili kwa nne, akafumba jicho moja na kuitazama urefu wake kama mtu anayelenga shabaha, kisha akapitisha kidole juu ya mafundo. Kati ya mbao kumi za kwanza alitupa kando sita. "Hizi zilikua kwa pupa, mwalimu," akaniambia.

Nimelitafakari neno hilo tangu siku ile, kwa sababu wakati huu nchi nzima imo katika pupa ya kupanda. Serikali imeweka shabaha ya miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na shule zetu za Nyeri, Kirinyaga na Laikipia hazijaachwa nyuma. Kila msimu wa mvua wanafunzi hupiga picha na miche, na idadi huandikwa kwenye ripoti. Sipingi hata kidogo. Nani wa Nyeri atapinga, ilhali hapa ndipo alipozaliwa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 na kutuzwa Nobeli mwaka wa 2004? Ninalouliza ni hili: mche huu umepandwa hatua ngapi kutoka kwa mwenzake, na utakapokuwa mti utafanya kazi gani?

Tufanye hesabu ndogo, ile ambayo mwanafunzi yeyote anaiweza. Hekta moja ni mita mraba 10,000. Ukipanda saiprasi kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, utapata miti 2,500. Ukipanda kwa mita 2.5 kwa 2.5, nafasi iliyozoeleka sana katika mashamba ya misitu nchini, utapata 1,600. Kwa mita 3 kwa 3 ni 1,111, na kwa mita 4 kwa 4 ni 625 tu. Shamba ni lile lile, mvua ni ile ile, lakini mbao zitakazotoka humo hazitafanana.

Sababu ni mwanga. Mti uliopewa nafasi pana hupata jua kila upande, kwa hiyo matawi yake ya chini hayafi mapema. Huendelea kunenepa, na kila tawi nene huacha fundo kubwa ndani ya gogo. Penye fundo, nyuzi za mbao hukengeuka na kulizunguka. Boriti inapobeba mzigo, nyuzi za upande wa juu hubanwa na za upande wa chini huvutwa. Fundo kubwa likiwa upande wa chini, karibu na katikati ya boriti, hapo ndipo itakapopasukia. (Fundi mzoefu huigeuza mbao ili fundo liwe juu. Ni akili nzuri, ila haiondoi fundo.)

La pili halionekani kwa urahisi. Miaka ya kwanza kumi hivi, mti huunda mbao changa kuzunguka kiini chake: nyepesi, isiyo ngumu, na yenye tabia ya kujipinda inapokauka. Kila mti unayo. Lakini mti uliokua haraka mno utotoni una kiini kipana cha mbao hiyo, na mkulima mwenye karo ya kulipa akiukata kabla haujakomaa, gogo karibu lote ni utoto.

Nayasema haya nikiwa na deni moyoni. Miaka mingi iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, wazazi walichanga wakajenga madarasa mawili. Mbao zilitoka kwa misaiprasi iliyokuwa imesimama mstari mmoja mpakani, kila mti ukiwa na matawi mazito kuwili. Paa lilianza kubonyea baada ya miaka michache. Tukamlaumu fundi, nami nikiwa miongoni mwa walioinua sauti, na mtu yule akakosa kazi kijijini. Leo naamini kosa halikuwa la nyundo yake.

Je, suluhisho ni kusonganisha miche? Kwa kuni za viwanda vya majani chai kule Othaya, au kwa fito za mkaratusi, naam, msongamano una faida. Kwa mbao za ujenzi una faida pia, lakini mwanzoni tu. Miti iliyobanana huwa na matawi membamba na shina lililonyooka, lakini isipopunguzwa hubaki myembamba, hugombania maji, na upepo mkali ukija huanguka kama mabua. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, mtaalamu Craib alitetea nafasi pana na kupunguza miti mapema ili magogo yanenepe upesi. Faida ya fedha ilikuwa dhahiri. Ila anayefuata njia hiyo sharti apogoe matawi yangali madogo, vinginevyo anakuza mafundo.

Kwa maoni yangu, mita 2.5 zatutosha, mradi mambo mawili yafuate: kupogoa kwa wakati na kupunguza miti kwa wakati. Hapo ndipo tunaposhindwa. Kwetu kukata mti kumekuwa kama dhambi, hata ukiwa ule mnyonge unaomnyima mwenzake mwanga. Februari 2018 serikali ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Marufuku hayo yakaendelea hadi Julai 2023. Msitu wa asili ulistahili pumziko hilo, na zaidi. Lakini shamba la misonobari si msitu wa asili, wala miti yake haisimami kungojea amri, huendelea kubanana.

Upande mwingine kuna wale wanaolima viazi na mahindi katikati ya miche ya serikali, desturi iliyoanza nchini mwaka wa 1910. Mkulima wa aina hiyo hapendi miti ifunge kivuli upesi, na siwezi kumlaumu. Hata hivyo, kila mche unaong'olewa au kufa bila kurudishiwa huwapa jirani zake nafasi ya kutoa matawi mazito. Mlo wa miaka mitatu unaandikwa ndani ya gogo la miaka thelathini.

Nawasihi walimu wenzangu, mvua ya Machi ikikaribia, mwende shambani na kamba yenye alama kila mita mbili na nusu. Kisha mwandike katika daftari la shule, kando ya idadi ya miche, mwaka ambao miti hiyo itapogolewa na mwaka ambao mingine itakatwa, ili mwalimu atakayekuja baada yenu asiogope kushika panga.