Gari la Kujiundia kwa Akiba Ndogo

Tangu nitaje hapa kwamba mume wangu anataka kuunda gari kwa mikono yake, wanaume mmeniandikia kuuliza muanze na lipi. Wake zenu wameniandikia pia, lakini yao nitayajibu faragha.

Kwetu bajeti ni riyali 35,000 na haiongezeki, kwa kuwa nyumba yetu ya Kibaha bado haijaezekwa. Kwa hiyo nilisoma kila alichosoma mwenzangu, nikiwa na kalamu mkononi.

Gari la namna hii unauziwa fremu, bodi na vikorokoro vyake, kisha injini, gia boksi na difu unavitoa kwenye gari kuukuu. Waingereza waliupenda mtindo huu kwa sababu ya kodi: Colin Chapman alipotoa Lotus Seven mwaka 1957, gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Mwaka 1973 haki ya kuliunda ikaenda kwa Caterham, ambao wanaliuza mpaka leo. Hilo ndilo kila mwanamume huliona kwanza na kulitamani. Kila kitu kipya, kila boliti na mahali pake. Kwa bei yake unaezeka, unapiga plasta na kuchimba kisima.

Upande wa pili kuna Locost. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu kinachoonyesha jinsi ya kuunda gari la umbo hilohilo kwa pauni 250: unakata vyuma vya mraba, unachomelea fremu mwenyewe, unaweka mashine ya Ford Escort ya zamani. Mume wangu alifurahi sana. Nikamuuliza, hiyo Escort iko wapi hapa Doha? Na mashine ya kuchomelea tutaiweka wapi, kwenye baraza ya ghorofa ya nne? Pauni 250 ni za mtu mwenye banda nyuma ya nyumba na gari bovu uani kwa jirani. Ukilipa fundi wa Sanaiya akuchomelee, na pango la sehemu ya kufanyia kazi, urahisi wote umekwisha. Tena fremu ndiyo inayokushikilia usife. Si ya kujifunzia kuchomelea.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chagua fremu iliyokwisha kuchomelewa na mtengenezaji, inayochukua vitu vyake vyote kutoka gari moja tu. Ipo Exocet, kwa mfano, inayovalishwa mitambo ya Mazda MX-5. Mazda hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1989, injini iko mbele, inasukuma magurudumu ya nyuma, na uzito wake ni kama tani moja tu. Faida kubwa ni kwamba injini, waya, breki na usukani vimeshazoeana. Ukichanganya injini ya gari hili na gia boksi ya lile, kila kiungo kinataka kipande cha kuchongesha, na hapo ndipo pesa huyeyuka. Magari mengi ya kujiundia huishia nusu, na nusu gari haina mnunuzi.

Hilo gari la kuchinja linunue likiwa linatembea. Liendeshe wiki mbili tatu, usikilize gia, uangalie kama rejeta inapasha moto. Kisha lifungue taratibu, kila waya na karatasi yake ya jina. Milango, bodi na vioo uviuze. Ni riyali zinazorudi mfukoni.

Kabla ya yote hayo nenda Idara ya Trafiki, uulize kwa maandishi kama gari hilo litapata istimara na Fahes watalikagua kama nini. Jibu likiwa hapana, umepoteza asubuhi moja tu. Na anayefikiria kurudi nalo nyumbani akumbuke usukani: hapa uko kushoto, kwetu kulia. Kenya haisajili usukani wa kushoto, wala haipokei gari lililotumika likiwa limepita miaka 8.

Kuna wanaonitajia zile buggy za mchangani, mtindo alioanzisha Bruce Meyers kule California mwaka 1964 kwa bodi ya fiberglasi juu ya Volkswagen ya mgongo wa kobe. Ni rahisi, na vilima vya Sealine viko karibu. Mimi huwapokea waliopinduka huko siku za baridi. Bila vyuma vya kukinga kichwa na mkanda uliofungwa kwenye fremu yenyewe, mtoto wangu hapandi.

Kwetu limepatikana Mazda moja, mwenyewe anataka riyali 11,000. Mume wangu anasema bei nzuri. Nimemwambia mwezi huu ni wa mabati, mwezi ujao tukalione.