Oksijeni inakatika usiku: hospitali ingeweza kujua mbele?

Saa nane ya usiku umeme unakatika. Kwenye chumba cha watoto, mashini ya oksijeni inanyamaza, juu inatumika na umeme tu. Jenereta iko. Lakini mazuti? Kwetu, ulizo hilo linakuja kisha mtoto kufariki, halafu infirmie wa zamu njo anabeba lawama.

Kuko njia ingine, iliyoanzia katika jeshi la Marekani mwaka 1949. Wafanyakazi wanakaa pamoja, wanapitia kazi hatua kwa hatua na kuulizana: hapa nini inaweza kuharibika? Kila jibu linapewa alama tatu, kuanzia 1 mpaka 10: ukubwa wa madhara, inatokea mara ngapi, na ugumu wa kuiona mapema. Kisha wanazidisha.

Tuseme umeme kukatika: madhara 9, mara 9, kuiona 2, juu kila mtu anaona giza. Ni 162. Tanki ya jenereta kuwa tupu: madhara 9, mara 5, lakini kuiona 8, juu hakuna anayeifungua mpaka ile dakika. Ni 360! Basi kazi ya kwanza ni tanki: kuipima kila zamu inapobadilika, na kuandika. Chupa ya oksijeni nayo ikae karibu na kitanda, imejaa.

Kweli, karatasi hainunui mazuti. Lakini mkurugenzi atajua mapema kama imebaki ya saa mbili. Na kwenye mkutano huo, muite pia mlinzi: yeye njo anawasha jenereta.