Mr. Bean Abaki, Mind Your Language Itoke

Wenzangu, kuna mabishano kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Jinja, na leo nayaandika ili yasiishie kwenye benchi. Kila Jumamosi jioni tunaonyesha video. Wazazi wengine wanataka tuache vichekesho vya zamani vya Waingereza, eti vinawapotezea watoto muda. Vijana wanasema tusiguse kitu. Mimi nasema pande zote mbili zinakosea.

Nianze na wazazi. Ingieni kibanda chochote cha video. Filamu inatafsiriwa kwa Kiganda, na sauti ya VJ Jingo au VJ Junior ndiyo inayojaza viti. Mtoto aliyefika juzi kutoka Kivu anakaa pale. Watu wanapasuka kwa kicheko, yeye anaangalia nyuso zao kwanza, halafu ndiyo anacheka. Anacheka nyuma ya wenzake. Mkimbizi gani hakijui kicheko hicho? Tumekicheka sokoni, shuleni, hata ofisini tukipewa fomu.

Kwa Mr. Bean hakuna anayecheka nyuma. Rowan Atkinson alianza kumwigiza kwenye televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na karibu hasemi neno. Mfuliru, Msoga, Mdinka, wote wanacheka pamoja. Ndiyo maana vipindi vile 15 havijachakaa. Halafu yule mtu ni sisi, jamani! Mwanzoni anadondoka kutoka juu, puu, barabarani, hana mwenyeji. Kanisani hajui maneno ya wimbo. Ananung'unika tu, ikifika Aleluya anaipaza kuliko wote. Nani kati yetu hajafanya hivyo kwenye ibada ya Kiganda? Lakini Bean anaanguka leo, kipindi kijacho anatoka tena bila woga. Mtoto anayeona hivyo hapotezi muda.

Sasa nyinyi vijana. Mind Your Language ilianza ITV mwaka 1977: wageni wako darasani London, mwalimu Brown anawafundisha Kiingereza. Mpakistani, Mhindi, Mchina, Mwitaliano, kila mmoja anachekesha kwa kukiharibu. Mnaniambia: nao ni wageni kama sisi, wanapendana, na kila siku wanarudi darasani. Kweli, na mimi nimeicheka sana, sikatai. Ila angalieni kicheko kinaangukia wapi. Kinaangukia mdomoni mwa mgeni. Huko Uingereza kwenyewe Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa kampuni iliyoitengeneza, aliisimamisha mwaka 1979 kwa kuona inadhalilisha watu. Sisi tunaofanana na wale wanaochekwa ndio tunaitunza kwenye flashi!

Mwaka jana kijana mmoja wa darasa letu la Kiingereza la jioni alisoma sentensi vibaya. Mtu nyuma akamwita "Ranjeet". Darasa zima likacheka. Na mimi niliyekuwa mbele yao nikacheka. Jina likamganda. Wiki mbili baadaye hakuonekana. Nikamfuata Walukuba, akaniambia, "Yaya, miye sitaki tena kusoma mbele ya bantu." Siku hizi anabeba mizigo. Kubeba mizigo si aibu, lakini Uganda hii bila Kiingereza, ukiugua, ukikamatwa, ukitafuta kazi, unasemewa na mdomo wa mtu mwingine.

Mtasema kosa si la video, ni la tabia zetu. Sawa, kicheko kilikuwa chetu. Lakini jina la kumwitia lilitoka wapi? Na nani alituzoesha kwamba mgeni akikosea neno, hapo ndipo pa kucheka? Tulijifunza Jumamosi, tukaenda kumfanyia mwenzetu Jumatatu.

Kwa hiyo naomba hivi. Bean abaki, wazazi mtuachie. Mind Your Language itoke kwenye Jumamosi zetu; anayeipenda aitazame kwake. Na kwenye darasa la jioni tuweke sheria moja: anayesoma hachekwi mpaka acheke yeye kwanza.

Mimi nina deni langu. Kule Walukuba nilikwenda mara moja tu, nikarudi na jibu lile, nikanyamaza. Wiki hii narudi. Sitaenda kumwambia arudi shule. Naenda kumwambia kwamba siku ile na mimi nilicheka, na kwamba nilikosea.