Ile Video Yangu ya Rangi Iliwadanganya

Wasee, hii ningeisema mapema lakini nilikuwa naogopa. Ile video yangu ya kava ya kioo cha pembeni, ile ya sekunde 45 penye napuliza rangi nyeupe na mwisho inang'aa kama sahani mpya, mliipenda sana. Wengine mliniandikia mkasema mmeshanunua kopo la spreyi na mnaanza wikendi. Shida ni kwamba video iliishia mahali pazuri. Wiki mbili baadaye mathe alipeleka gari kuoshwa, kijana akaipiga na maji ya presha, na rangi yangu ikatoka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua. Hiyo sikuiposti.

Ningeendelea kunyamaza, lakini juzi msee mmoja alinitumia picha ya bampa ya gari la babake. Alifuata video yangu vile ilivyo. Bampa yote ilikuwa na mikunjo, na chini kwa kona rangi ilikuwa imetiririka ikakaukia hapo kama machozi. Gari lenyewe ni la teksi, ndio linalisha hiyo nyumba, na mzee hajamwongelesha tangu Jumapili. Nilikaa na hiyo simu mkononi nikaskia aibu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua hayataleta likes: ukitaka rangi laini kwa kazi ya nyumbani, kopo la spreyi ni kitu cha mwisho kufikiria. Ulaini unatoka kwa msasa na kwa kungoja. Sisi wenye kamera tunakata hizo sehemu mbili juu zinaboesha, tunawaachia dakika moja ya kupuliza, halafu mnadhani hiyo dakika ndiyo kazi.

Wacha niwaambie venye ilienda. Nilikuwa narudisha gari la mathe nyuma, nikakwaruza kava kwa nguzo ya geti. Mkwaruzo haukuwa mkubwa, urefu wa kidole hivi, lakini mathe ana macho. Nikatoa kava, nikaifuta na kitambaa, nikapuliza tabaka mbili nzito kwa kibaraza, nikarekodi, nikairudisha jioni hiyo hiyo. Kila kitu nilichofanya kilikuwa makosa isipokuwa kurekodi.

Ilipobambuka nikaipeleka Grogan kwa fundi mmoja mzee wa rangi. Hakuniuliza nilitumia rangi gani. Alipitisha kiganja juu ya kava akiwa ameangalia kando, kisha akaimwagia maji kidogo na kuielekeza kwa mwanga. Akaniambia, "Kijana, ona." Penye maji yalikuwa yametanda, kila mkwaruzo wa zamani ulionekana, hata ile niliyodhani nimeiziba. Maji yanafanya kitu kikae vile kitakavyokaa kikishang'aa. Yaani makosa yalikuwa hapo kabla sijashika kopo, na rangi ikaja tu kuyatangaza.

Hilo jaribio la maji halina gharama yoyote, na sijawahi kuliona kwa video ya sekunde 45. Ikiwemo yangu.

Sasa tuongee juu ya hiyo sehemu inayoboesha. Geuza kipande chako uangalie ndani. Mara nyingi utapata herufi zimechapwa kwa plastiki, kama PP ama ABS. Bampa nyingi ni PP, polipropilini, na hiyo plastiki ikiwa uchi haishikani na rangi hata ukiiombea. Inataka praima yake maalum ya plastiki kwanza. ABS inashika vizuri zaidi, lakini ukiiosha na thina kali inaweza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Hizo herufi mbili tatu zinaweza kuamua kama kazi yako itaishi ama itatoka siku ya kwanza ya maji ya presha.

Halafu mafuta. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi na tairi mara nyingi ina silikoni. Silikoni ikibaki kwa kipande, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara, mafundi wanaviita macho ya samaki. Osha na sabuni, suuza, kausha, kisha futa na dawa ya kutoa mafuta na nta kabla ya kupiga msasa. Ukianza na msasa, unayasugua mafuta yaingie ndani ya mikwaruzo. Ukimaliza kuosha, usikishike tena na mikono mitupu, hasa kama umetoka kula chipsi.

Msasa ndio penye wengi wetu tunadanganya. Mkwaruzo unaanza na msasa namba 320 ama 400, mpaka kidole kikipita hakiskii ukingo. Kama ni shimo, fila kidogo, usugue tena. Praima tabaka mbili tatu nyembamba. Ikikauka, puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu yake, halafu sugua na namba 600 na maji. Nyeusi ikibaki mahali, hapo kuna bonde. Nyeusi ikiisha yote, umesawazisha. Mimi mara ya pili nilifanya hivyo na nikagundua mabonde matatu kwa kava yenye ukubwa wa mkono. Matatu! Na mara ya kwanza nilikuwa naapa ni laini.

Kupuliza kwenyewe ni rahisi ukishafika hapo. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kuskia goroli inacheza ndani. Simama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwa kipande. Anza kubonyeza kabla hujafika kwa kipande na uachilie ukishakipita, mkono ukienda sambamba nacho, bila kuuzungusha kama unapepeta mchele. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi hadi uone bado rangi ya chini, na hapo ndipo roho inakusukuma uongeze. Usiongeze. Ngoja dakika kumi hivi ama venye kopo linasema, kisha la pili, kisha la tatu. Ukikaribia sana, inatiririka. Ukiwa mbali sana ama jua likiwa kali, matone yanakauka kabla hayajatandaa, na unapata ngozi ya chungwa badala ya kioo.

Ile mikunjo ya bampa ya yule msee? Mara nyingi inatokana na tabaka jipya kuingia juu ya lingine lenye halijakauka vizuri. Thina ya juu inalainisha ya chini, inavimba, inajikunja. Alipuliza haraka juu mimi nilipuliza haraka. Kwa video nilikuwa nimekata dakika za kungoja, yeye angejuaje?

Hata hali ya hewa ina sauti hapa. Nairobi ya Julai, ile baridi ya mawingu siku nzima, rangi inachelewa kukauka na kopo lenyewe linakosa nguvu. Weka kopo kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kamwe usilipashe juu ya jiko. Msimu wa mvua ama Mombasa unyevu ukiwa mwingi, klia inaweza kupata ukungu mweupe. Kama nguo hazikauki kwa kamba, rangi pia haitaki kutoka nje.

Na tafadhali, usipulize ndani ya bedsita. Gesi inayosukuma rangi kwa makopo mengi inashika moto, na wengi wetu jiko liko hatua mbili kutoka kwa kitanda. Toka nje, mahali pasipo na upepo mkali, umwagie sakafu maji kidogo vumbi litulie.

Tukija kwa klia, hapa sitacheka. Kuna makopo ya kawaida, na kuna yale yenye hadina ndani, ambayo unabonyeza kitufe chini ndio ichanganyike. Ya hadina inakuwa ngumu zaidi na inavumilia petroli. Ya kawaida ukiiweka kwa kifuniko cha tangi, tone la petroli linaweza kuilainisha. Lakini hadina nyingi zina aisosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi ama ile ya korona haiizuii. Mafundi wa vyumba maalum wanavaa vifaa vinavyowaletea hewa safi kutoka nje. Kama huna kinga ya maana, tumia klia ya kawaida na ukubali udhaifu wake, ama mpe fundi mwenye vifaa. Kava ya kioo haifai mapafu yako.

Najua utaniuliza, sasa si ungesema tu twende kwa fundi? Hapana. Naamini kijana anaweza kufanya kava ya kioo, grili, kipande kidogo cha plastiki, na kitoke kizuri. Nimefanya, mara ya pili. Kuna raha fulani ya kurekebisha ulichoharibu mwenyewe, na si kila mtu ana doo za kupeleka kila mkwaruzo gereji. Lakini chagua vita yako. Angalia namba ya rangi ya gari lako. Toyota nyingi zilizotoka Japani zina kibati ndani ya boneti chenye hiyo namba. Ya mathe ni 040, nyeupe ya kawaida, isiyo na chembe za kumetameta. Hiyo unaweza kuipata. Bampa ya yule msee ilikuwa 070, nyeupe ya lulu, ambayo inajengwa kwa rangi ya chini, kisha tabaka la lulu, kisha klia. Unene wa lulu ukibadilika kidogo, rangi inabadilika. Hata angesugua vizuri, bampa nzima kwa makopo ingebaki ikionekana kama imetoka kwa gari lingine. Kiwandani mwili wa chuma unaokwa kwa joto la karibu nyuzi 140. Sisi tuna kibaraza na jua la saa nane.

Kitu ingine kilichobadilika kwangu ni venye naongea na mafundi. Zamani nikitajiwa bei nilikuwa nasema, "Hii si ni kupuliza tu, buda?" Sai najua kwamba kupuliza ni dakika chache za bei hiyo. Zingine zote ni msasa, maji, vumbi puani, kusubiri, na kurudia penye hakuna mtu atawahi kuona. Ukimpunguzia fundi bei mpaka mwisho, hatapunguza rangi, juu rangi utaiona. Atapunguza msasa. Halafu baada ya miezi michache utarudi ukisema mafundi ni wezi.

Ya pili ilinichukua siku nne. Ya kwanza kuosha, msasa na fila. Ya pili praima na kusawazisha. Ya tatu rangi na klia. Ya nne sikufanya chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, kupita hapo na kutoigusa na kidole. Baada ya wiki nikaisugua na namba 2000 na maji, taratibu kwa kingo juu hapo klia ni nyembamba, nikamalizia na kompaundi. Mathe alikuwa akiendesha gari na kava moja nyeusi uchi siku hizo zote, akinikumbusha kila asubuhi. Imeoshwa na presha mara tano sasa. Bado iko.

Yule msee nimemwambia ukweli wote huu, na Jumamosi tunaenda naye kwa fundi kuuliza bei ya hiyo bampa. Nusu nitalipa mimi. Ile video ya zamani nimeitoa. Mpya itakuwa ndefu, na dakika nyingi utaniona tu nikisugua. Ukiboeka, sawa, lakini angalau utajua unaboekea kitu gani.

Na wewe mwenye umeshanunua kopo na liko hapo kwa meza, usilifungue leo. Mwagia kipande chako maji, kielekeze kwa mwanga, uangalie vizuri.