MAONI YETU: UA LA KIJITONI



Vijana wetu wana marafiki wa mtandaoni huko Ujerumani na Marekani. Wakiwatumia picha ya lile ua dogo la zambarau la kijitoni, wenzao wanashangilia kama kazaliwa mtoto! Si ajabu. Ua wanalolitunza madirishani kwao asili yake ni milima yetu hii ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyelipeleka Ulaya, na mwaka 1893 likaandikwa vitabuni kwa jina lake: Saintpaulia. Sisi tumezoea kulikanyaga tu.

Basi twende nasi tukalitazame, wazee kwa watoto. Lakini tuambiane ukweli. Ua hili hukaa mwambani, penye kivuli na unyevu, na wapo wenzetu wanaofyeka hapo hapo wapande iliki. Miti ikiondoka, mwamba unakauka. Na maji je? Hayo ndiyo yanayoteremka Mto Zigi, watu wa Tanga wanakunywa.

Rafiki wa mbali hawezi kumshika mtu panga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeshataja mita 60 kutoka mtoni. Tunaomba mkutano ujao tukazipime, na anayeng'oa maua kuwauzia wageni naye aitwe.