Mafanikio ya Familia, Jasho la Wengi

Historia za biashara za familia husimuliwa kwa mtindo mmoja: baba alianza na shamba dogo, wanawe wakajituma, na leo bidhaa zao zinauzwa duniani kote. Masimulizi hayo hutia moyo, lakini mara nyingi huwasahau wengi waliobeba mzigo. Tuitazame kampuni ya mvinyo ya Gallo, iliyoko katika jimbo la California, Marekani.

Ernest na Julio Gallo, wana wa mhamiaji kutoka Italia, walikulia katika kilimo cha mizabibu. Tangu mwaka 1920 katiba ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1933, ndugu hao wakaanzisha kiwanda katika mji wa Modesto. Walijua kulima na kuuza zabibu, ila hawakuwa na ujuzi wa kutengeneza mvinyo kwa ajili ya soko. Ujuzi huo waliupata katika vijitabu vya Chuo Kikuu cha California walivyovikuta katika maktaba ya umma mjini mwao. Leo kampuni yao, ambayo bado inamilikiwa na familia, ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za mvinyo duniani.

Bidii ya ndugu hao haina ubishi. Hata hivyo, elimu iliyowainua ilitoka katika chuo cha umma na maktaba iliyokuwa wazi kwa kila raia. Jamii iliwekeza kwao kabla ya wao kuwekeza popote.

Kisha kuna wachumaji wa zabibu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 iliyolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama iliwaacha nje vibarua wa mashambani. Mwaka 1973, mkataba baina ya Gallo na chama cha United Farm Workers, kilichoongozwa na Cesar Chavez, ulipomalizika, kampuni ilitia saini na chama kingine, Teamsters. Wafanyakazi wakagoma, na wanunuzi wakaombwa kususia mvinyo wa Gallo. Wanafunzi wangu, tofautisheni maneno haya: anayegoma hukataa kufanya kazi, anayesusia bidhaa hukataa kuinunua. Mapema mwaka 1975 waandamanaji walitembea kutoka San Francisco hadi Modesto, safari ya zaidi ya kilomita 150, na maelfu wakakusanyika mwishoni mwake. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa mashambani haki ya kuchagua chama chao kwa kura ya siri.

Wako watakaosema kwamba mwenye mtaji ndiye aliyethubutu, hivyo sifa na maamuzi yote ni yake. Naafiki kwamba kuthubutu kunastahili faida. Lakini faida haimpi mtu mamlaka ya kumchagulia mwenzake msemaji wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na familia moja, hata iwe na bidii namna gani, haivuni peke yake mashamba yanayolisha soko la dunia.

Kwa hiyo, mnaposoma habari za kampuni iliyokua, ulizeni maswali matatu: waanzilishi walijifunzia wapi, nani aliyevuna, na je, mvunaji alikuwa na kura?