Sauti za Mlezi kwa Mtoto Mchanga: Hoja Kutoka Karagwe na Kyerwa

Imezoeleka katika isimu kudai kwamba mtu mzima anaposema na mtoto mchanga hupandisha sauti, hupunguza mwendo na hurefusha irabu. Mwaka 1997 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kuwa akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden huzitenganisha zaidi irabu i, a na u wanaposema na watoto wao. Je, hayo yatosha kuitwa kanuni ya lugha zote?

Runyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa, yatutaka tuwe na hadhari. Humo urefu wa irabu hubainisha maana, na toni, kama alivyoichambua Lee Bickmore mwaka 1989, ina kanuni zake katika neno na katika kirai. Mama akirefusha kila irabu na kupandisha kila silabi, mtoto atazitambuaje tofauti hizo? Maoni yetu ni kwamba mlezi hurefusha kwa uwiano: irabu fupi hubaki fupi ikilinganishwa na ndefu, na toni hupanda zote bila kuvuruga mpangilio wake.

Dhana hiyo yafaa ipimwe Kayanga na Nkwenda, kwa kumrekodi mama yuleyule akisema na mwanawe, kisha na mtu mzima. Kamusi ya Rugemalira ya mwaka 2002 imehifadhi maneno. Sauti ya mlezi haihifadhiwi na kamusi. Kiswahili, lugha ya shule isiyo na toni ya kileksika, kikishika nafasi ya Runyambo katika malezi, ushahidi huo hautapatikana tena.